Kukimbia tunajua, kusafiri tujifunze



Mnakumbuka tarehe 27 Mei 2021. Nyiragongo ilikuwa imetema moto siku 5 kabla, ardhi ilitetemeka usiku na mchana, kisha ikatoka amri: watu wa kartie 10 za Goma wahame mara moja. Majengo ilikuwa katika orodha. Tulifunga mizigo kwa dakika chache: godoro, sufuria, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Wengine tulishika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine tulivuka kwenda Gisenyi.

Kukimbia, basi, tunajua. Hakuna wa kutufundisha. Lakini Jumamosi moja mama wa kikundi chetu alisimama kikaoni akauliza jambo ambalo hatukuwa na jibu lake tayari. Binti yake wa miaka 19, mwenye diplomi ya serikali, amekubaliwa kusoma uuguzi Nairobi. Atakwenda kwa barabara. Hajawahi kulala nje ya Goma pasipo mama yake. “Wamama wenzangu,” alisema, “nikikimbia najua cha kubeba. Huyu hakimbii, anakwenda. Nimfungie nini?”

Kikao kiligawanyika. Bibi mmoja alisema wazi kwamba mtoto wa kike hapelekwi mbali hivyo, shule za uuguzi ziko hapa hapa Goma. Mwingine akamjibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa akivuka mpaka na beseni la ndizi kichwani akiwa na miaka 15, na hakuna aliyeitisha kikao kwa ajili yake. Tuliongea saa 2. Mwishowe tulikubaliana hivi: kama mzazi ameamua na binti ameamua, kazi yetu si kuwazuia bali kuangalia kwamba anaondoka akiwa tayari. Tulikuwa na wiki 3. Tunawaandikia tuliyoyafanya, tuliyokosea na tuliyojifunza, kwa sababu huyu si wa mwisho. Tangu mwisho wa Januari 2025, uwanja wetu wa ndege ulipofungwa, barabara ndiyo mlango wa watoto wetu.

Tulianza kwa kuijua njia

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuchora njia kwenye kadibodi, tukaiweka ukutani. Kutoka Majengo hadi bariere ni mwendo wa moto. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kama kilomita 155, kupitia Musanze, kona juu ya kona. Kutoka Kigali hadi Kampala, kupitia Gatuna, Kabale, Mbarara na Masaka, ni kama kilomita 510. Kutoka Kampala hadi Nairobi, kupitia Malaba au Busia, ni kama kilomita 650. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,300, nchi 4, mipaka 3.

Mama wa binti aliitazama ile kadibodi, akanyamaza. Halafu akasema: “Kumbe ni vipande vitatu tu.” Hapo ndipo hofu yake ilipoanza kupungua. Njia ndefu inatisha ikiwa neno moja, “Nairobi”. Ukiikata vipande, kila kipande kina mwanzo wake, mwisho wake, na mtu wa kumpokea.

Tuliamua alale kila kipande kinapoishia. Jumatatu Goma hadi Kigali, alale kwa shangazi yake. Jumanne Kigali hadi Kampala, alale kwa familia ambayo dada mmoja wa kikundi anaifahamu tangu utoto. Kipande cha mwisho kilituletea mabishano. Basi la asubuhi kutoka Kampala huingia Nairobi usiku. Basi la jioni huvuka mpaka usiku wa manane, lakini huingia Nairobi asubuhi. Lipi afadhali? Tulichagua la jioni. Mpakani usiku atakuwa na abiria wote wa basi, penye taa na maofisa. Kufika mji mkubwa usiku, mabasi mengi yakiishia katikati ya mji kwenye msongamano wa River Road, mtu akiwa peke yake na sanduku, hilo hatukulitaka. Kanuni tuliyoiandika juu ya kadibodi ni hii: mtoto afike mchana.

Tuliangalia na kalenda. Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya jamii, na asubuhi magari hayatembei kama kawaida hadi karibu saa 5. Mtoto asiyejua hilo anaweza kukosa basi lake bila kosa la mtu.

Na tulikumbushana kwamba mpaka ni mlango, na mlango hufungwa. Gatuna ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa mwisho wa Januari 2022, karibu miaka 3. Petite Barrière yetu tumeiona ikifungwa kwa Ebola na kwa Korona. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuondoka, uliza watu waliovuka wiki hiyo: unafunguliwa saa ngapi, unafungwa saa ngapi, wanadai karatasi gani. Usimuulize aliyevuka mwaka jana.

Karatasi: majina yafanane

Sisi wa Goma tumezoea kuvuka kwenda Gisenyi na karatasi ndogo. Lese-pase ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1976 kati ya nchi yetu, Rwanda na Burundi, inakufikisha katika nchi hizo tu. Haikufikishi Kampala. Na ijapokuwa Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kadi ya mchaguzi haijageuka pasipoti. Anayekwenda Nairobi anahitaji pasipoti, na iwe imebakiza angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Kama mwanao yuko darasa la mwisho, anza kuishughulikia sasa, usingoje barua ya shule.

Kwa binti yetu, pasipoti ilikuwepo. Shida ilikuwa jina. Sisi Wakongomani tuna majina matatu: jina, postinomu, na prenomu. Mabibi wanakumbuka ilivyoanza, wakati wa Mobutu mwaka 1972, majina ya Kizungu yalipokatazwa na kila mtu akatakiwa kuwa na jina la asili. Lakini baadhi ya fomu za Kenya na Uganda zina nafasi mbili tu. Binti alipojaza ombi la shule kwa simu, aliacha postinomu. Barua ya kumkubali ikatoka na majina mawili, pasipoti ina matatu, na diplomi inayaanza kwa mpangilio mwingine. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa ofisa asiyemjua, ni watu wawili au watatu. Aliandikia shule, wakamtumia barua mpya baada ya siku 6. Angegundua hilo akiwa mpakani, siku 6 angezilala wapi?

Fanyeni hivi: wekeni karatasi zote za mtoto mezani, pasipoti, karte jone, diplomi, barua ya shule, cheti cha kuzaliwa. Msome jina herufi kwa herufi, mmoja akisoma, mwingine akifuata kwa kidole. Isiyofanana irekebishwe kabla ya tikiti kununuliwa.

Karte jone tunaiandikia peke yake, kwa sababu ilituuma. Miaka michache iliyopita kijana wa familia moja ya kikundi chetu alinunua karte jone kando ya barabara bila kuchomwa sindano. Aliona ameokoa muda. Mpakani karatasi ilikataliwa, akarudishwa, na pesa ya basi ikapotea. Na hata ingekubaliwa, homa ya manjano haisomi karatasi. Chanjo hiyo huchomwa mara moja tu, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote, hakihitaji kurudiwa kila miaka 10 kama zamani. Lakini cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Anayechomwa Jumamosi ili asafiri Jumatatu amechelewa. Binti yetu alichomwa Jumanne baada ya kikao cha kwanza, zikabaki siku 20 kamili. Na karte hiyo atahitaji kuionyesha hata siku ya kurudi nyumbani, maana Congo nayo inaidai kwa wanaoingia.

Kama mtoto hajatimiza miaka 18, yeye bado mdogo mbele ya sheria. Anahitaji ruhusa ya wazazi iliyoandikwa na kuthibitishwa na ofisi inayohusika, pamoja na cheti cha kuzaliwa, na awe na mtu mzima. Wamama wajane na walioachwa, msingoje wiki ya mwisho. Ninyi mtaulizwa baba yuko wapi, na mtahitaji karatasi inayojibu.

Kisha fotokopi, seti 3. Moja kwenye sanduku, mbali na pasipoti yenyewe. Moja kwa mama. Moja kwa mtu anayempokea. Na picha za karatasi zote zitumwe kwa WhatsApp kwa watu wawili, maana simu nayo huibwa.

Pesa ya kurudi

Dolari inayochanika kidogo mnajua inavyokataliwa hapa Goma. Huko mbele ni vilevile. Chagueni noti mpya, safi, zisizo na maandishi wala mkunjo mbaya. Mtoto asibadili pesa nyingi kwa mara moja. Kila nchi abadili ya kutosha chakula, maji na moto: franka za Rwanda, shilingi za Uganda, kisha za Kenya. Abadili kwenye ofisi ya kubadilisha pesa, ahesabu kwa mikono yake kabla ya kuondoka dirishani, na asimfuate mtu anayemuita pembeni kwa bei nzuri zaidi.

Pesa ya simu ni msaada mkubwa, hasa kwetu tulioona milango ya benki ikifungwa. Lakini kutuma kutoka nchi moja hadi nyingine si kama kutuma kutoka Majengo hadi Ndosho. Tulijaribu mapema: tulimtumia rafiki yetu wa Nairobi dolari 5. Mara ya kwanza zilirudi, mara ya pili zikafika. Afadhali tumelijua hilo na dolari 5 kuliko na ada ya shule.

Fundi wa nguo wa kikundi chetu alimshonea mifuko miwili. Mmoja ndani ya sketi, wenye zipu, kwa pesa ya njiani. Wa pili ndani ya kitambaa cha kufunga tumboni, ulioshonwa ukafungwa kabisa, hauna zipu. Huo wa pili ndio tunaotaka kuwaeleza.

Ndani yake tuliweka nauli ya kurudi. Wazo lilitoka kwa yule bibi aliyekuwa amekataa safari. Alisema: “Kama anakwenda, aende. Lakini mtoto asiye na pesa ya kurudi hawezi kusema hapana.” Kikao kilinyamaza, maana kila mmoja wetu anajua mtoto wa fulani aliyebaki mahali pabaya kwa sababu hakuwa na nauli. Mwenye chumba akimsumbua, anavumilia. Mwenye kazi asipomlipa, anavumilia. Aliye na nauli mfukoni anaweza kuchukua sanduku lake akatoka mlangoni.

Mama wa binti alikuwa amemaliza akiba yake yote kwa ada na tikiti. Tukafungua sanduku la mshikamano la AVEC yetu. Tulimpa nauli ile kama mkopo bila riba, kwa sharti moja: pesa hiyo si ya daftari, si ya nguo, si ya kumkopesha rafiki. Akirudi likizo bila kuitumia, inarudi kwenye sanduku na kumngoja mtoto mwingine. Tangu siku hiyo tumeiweka kwenye kanuni zetu. Vikundi vingine, fikirieni jambo hili.

Watu wa njiani

Watu wengi wa njiani ni wema. Tulimwambia hivyo kwanza, kwa sababu mtoto anayeogopa kila mtu hawezi kuomba msaada anapouhitaji. Kisha tulimwambia na haya mengine.

Pasipoti haitoki mkononi mwake isipokuwa kwenye dirisha la uhamiaji, na hapo anasimama akiitazama hadi irudi. Habebi furushi la mtu, hata la mama mwenye mtoto mchanga, hata likiwa unga. Hali wala hanywi kitu alichofunguliwa na asiyemjua. Hamwambii jirani wa kiti kwamba yuko peke yake: anasema shangazi anamngoja, na ni kweli.

Na kazi za Uarabuni. Wamama, hili limekwisha kupita kwenye milango yetu. Kampala na Nairobi wapo watu wanaotafuta wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, Saudia na kwingineko Ghuba. Wapo wanaokwenda kwa mkataba halali wakafanya kazi na kurudi salama. Lakini katika nchi hizo ruhusa ya kukaa ya mfanyakazi imefungwa kwa mwajiri wake, utaratibu unaoitwa kafala, na wengi hunyang'anywa pasipoti siku ya kwanza. Tulimpa binti maswali 3 ya kumuuliza yeyote anayemwahidi kazi: mkataba uko wapi nikamwonyeshe mama? Ofisi yako imeandikishwa wapi? Kwa nini lazima niamue leo? Mtu wa kweli atajibu. Mwizi atasema bahati haingoji.

Tuliweka maneno mawili ya siri. La kwanza ni la kupokelewa: mtu akija kituoni akisema ametumwa na mama, binti amuulize neno. Asipolijua, asimfuate, hata akijua jina la mama na la baba. La pili ni la simu. Kama yuko pabaya na hawezi kusema mbele za watu, aulize nyumbani, “Mmekula sambaza?” Mama akisikia hivyo haulizi maswali mengi. Anaanza kupigia simu watu walioandikwa kwenye kadibodi.

Siku ya mazoezi

Wiki ya pili tulifanya mazoezi. Mama, binti, na sisi wawili wa kikundi tulikwenda kuvuka hadi Gisenyi na kurudi. Sharti lilikuwa moja: binti afanye kila kitu mwenyewe, sisi tufunge midomo.

Alianza vizuri. Alikuwa ameacha mifuko ya plastiki nyumbani, maana Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008 na huchukuliwa bariereni. Alinawa mikono, akapimwa joto, akasimama kwenye mstari. Ndipo kijana mmoja aliyevaa vizuri akamjia. “Dada, mstari ni mrefu. Lete pasipoti nikusaidie.” Akampa.

Tulitaka kupiga kelele, lakini tulikuwa tumeapa. Kijana akapotea kati ya watu. Dakika zilipita. Binti alianza kutazama huku na huku, kisha akatutazama sisi, macho yamejaa. Mama yake aligeuza uso. Yule kijana alirudi, pasipoti mkononi, akadai dolari 2 ndipo aitoe. Tulilipa.

Njiani kurudi hakuna aliyemkemea. Mama alilia kidogo, akasema: “Nilimfundisha kuheshimu wakubwa na kusema ndiyo. Sikumfundisha kusema hapana kwa adabu.” Jioni ile tuliketi uani tukamfundisha. Tulicheza kama watoto: mmoja wetu anakuwa mbeba mizigo, mwingine konda, mwingine shangazi wa uongo. Yeye anajibu. “Aksanti kaka, nabeba mwenyewe.” “Aksanti mama, nimeshiba.” “Hapana baba, nangoja hapa hapa.” Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo. Mara ya kumi, hata watoto wa jirani walisikia.

Wamama, kama mtakumbuka jambo moja tu katika makala haya, kumbukeni mazoezi. Kosa lile lilitugharimu dolari 2 karibu na nyumbani. Mbali na nyumbani lingetugharimu pasipoti.

Mwili, saa na barabara

Mambo madogo ndiyo yanayochosha msafiri. Tunayaandika kama tulivyoyaandika kwa binti.

Saa: Goma na Rwanda tuna saa moja. Ukiingia Uganda, saa inaruka mbele kwa saa 1, na Kenya ni vilevile. Tikiti ikisema saa fulani, uliza ni saa ya nchi gani, na ni ya Kiswahili au ya Kizungu. Saa 1 ya jioni na saa 1 ya tikiti si kitu kimoja.

Barabara: kwetu na Rwanda magari hushika kulia. Uganda na Kenya hushika kushoto. Mtoto wa Goma akivuka barabara Kampala hutazama upande usio na gari, akaingia mbele ya gari. Tazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Hesabu: watoto wetu huhesabu pesa kwa Kifaransa hata wanapoongea Kiswahili. Nairobi muuzaji atasema “mia mbili hamsini”, na Kampala atasema kwa Kiingereza. Binti alifanya mazoezi wiki nzima sokoni, akidai bei kwa Kiswahili mpaka wauza sombe wakamcheka.

Baridi: Kabale ni milimani, na basi la usiku lina baridi. Sweta na kikwembe viwe mkononi, si kwenye sanduku lililofungiwa chini ya basi.

Tumbo: kona za Musanze na Kabale huwatapisha wengi. Kaa mbele, tazama mbali, kula kidogo. Mfuko wa kutapikia uwe wa karatasi. Kwa chakula tulimpa mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, na karanga, mikate na ndizi za kuendelea. Maji kidogo kidogo. Asijinyime maji kwa kuogopa choo. Amwambie konda mapema, na ashuke pamoja na mama mwingine.

Siku za mwezi: pedi za kutosha ziwe kwenye mfuko wa mkononi hata kama siku hazijafika. Safari huzichanganya. Dawa zibaki kwenye paketi zake, pamoja na ordonansi.

Malaria: Goma tuko juu, karibu mita 1,500, na mbu si wengi kama ukanda wa Ziwa Victoria. Mwili wa mtoto wetu haujazoea. Homa yoyote katika wiki zinazofuata safari, akapimwe siku hiyo hiyo, asiseme ni uchovu.

Ujumbe kila mpaka

Tulikubaliana ujumbe mfupi mahali 7: bariere, Kigali, Gatuna, Kampala, kuondoka Kampala, Malaba, Nairobi. Neno moja linatosha: “Nimevuka.” Na tulikubaliana pia tutafanya nini ujumbe usipofika. Saa 3 za kwanza tunangoja, kwa sababu mitandao hukatika na basi huharibika. Baada ya hapo tunapigia kampuni ya basi, kisha anayempokea, kisha ubalozi wetu katika nchi hiyo. Namba zote ziliandikwa kwenye kadibodi na kwenye karatasi ndani ya kiatu cha binti. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Aliondoka Jumatatu mapema. Bibi yule aliyekuwa amekataa ndiye aliyembebea sanduku hadi kwenye moto. Ujumbe wa bariere ulifika, wa Kigali ukafika. Wa Gatuna haukufika. Mama alikuja kwa dada wa kikundi, wakakaa na simu katikati yao kama mgonjwa. Saa 2 zilipita, ikabaki kidogo tuanze kupiga simu. Ndipo ukaingia kutoka Kabale: mtandao wa Rwanda ulikatika kabla hajapata laini ya Uganda. Hilo hatukulifikiria. Ninyi liongezeni: ujumbe utumwe kabla ya kuvuka, siyo baada.

Jumatano usiku, saa 6 kasoro kwetu, aliandika kutoka Malaba: “Nimevuka. Kuna kijana ametaka kunijazia fomu. Nimesema aksanti kaka, najaza mwenyewe.” Mama alisoma ujumbe huo mara tatu, kisha akatuamsha sisi wengine, na hakuna aliyekasirika.

Alhamisi asubuhi alifika, mtu wake akasema neno la siri, wakaenda. Mfuko wa tumboni haujafunguliwa.

Kikao chetu kijacho kiko Jumamosi mahali petu pa siku zote. Mwenye mtoto anayejiandaa kwenda masomoni, aje na karatasi zake zote tuzisome pamoja, na mtoto mwenyewe aje. Kadibodi bado iko ukutani.

Kata sehemu hii, uibandike karibu na mlango

Wiki 3 kabla: chanjo na karte jone, majina kwenye karatasi zote, ruhusa ya wazazi kama hajafika miaka 18.

Wiki 2 kabla: mazoezi ya mpaka, kujaribu kutuma pesa, kuzungumza na watakaompokea, mama kwa mama.

Wiki 1 kabla: fotokopi seti 3, dolari safi, kushona mifuko, maneno ya siri.

Siku 2 kabla: kuuliza waliovuka wiki hiyo, kununua tikiti ya basi linalofika mchana, kutazama kama si Umuganda.

Siku yenyewe: sweta mkononi, maji, pedi, mfuko wa karatasi, namba ndani ya kiatu. Na nauli ya kurudi, iliyoshonwa.